Gundi ya ngozi kwenye viti vya baba: uzoefu wangu wa miezi minane

Viti ni vinne, vya mkangazi, alivyoviacha marehemu baba. Vyote vilikuwa vinalia ukivikalia. Mbao ni nzima na vanishi ingawa imechakaa bado ipo, ila viungo vililegea kiasi kwamba ukisukuma egemeo kwa mkono mmoja kiti kizima kinaenda upande. Nimevifungua vitatu na kuviunga upya kwa gundi ya ngozi, ile inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama na kupakwa ikiwa ya moto. Naandika baada ya miezi minane ya kuvikalia kila siku.

Nianze na kwa nini viti hulegea, maana hapo ndipo nilipoamua. Mbao hazitulii. Hewa ikiwa na unyevu zinavimba, ikikauka zinasinyaa, na hufanya hivyo kwa upana; kwa urefu wa nyuzi ni kama hazibadiliki. Sasa angalia kiungo cha kiti: ulimi wa mbao iliyolala unaingia kwenye tundu la mguu uliosimama. Nyuzi zimepishana, kila upande unavuta kivyake, na gundi iliyo katikati ndiyo inayoumia mwaka hadi mwaka. Ongeza mtu anayeegemea nyuma hadi miguu ya mbele inainuka. Kiti chochote kinachotumika kitalegea siku moja na kitafunguliwa. Kwa hiyo siku hizi, kabla sijauliza gundi inashika kiasi gani, nauliza kama itakubali kufunguka.

Swali hilo nilifundishwa na kiti cha kwanza. Kilishawahi kupita kwa fundi mmoja zamani, akakiunga kwa gundi nyeupe ya kawaida juu ya gundi kuukuu, kisha akapigilia misumari kutoka nje ya mguu hadi ndani ya ulimi. Gundi nyeupe ni nzuri kwenye mbao mpya, sina ugomvi nayo, naitumia kwenye makabati. Lakini ikishakauka haijishiki yenyewe vizuri, na vinyweleo vya mbao vikishazibwa na gundi ya zamani haina pa kuingia. Ilishika kwa muda, ikaachia, misumari ikabaki kucheza ndani ya mbao na kupanua matundu. Kuitoa ile misumari kulinichukua jioni nzima na ulimi mmoja ukapasuka kufuata njia ya msumari. Kisha nikakwangua gundi kwa patasi hadi mbao safi ionekane, na kila ukikwangua ulimi unazidi kuwa mwembamba. Ikabidi nibandike vipande vyembamba vya mbao kila upande ili ulimi ujae tena tunduni. Kuona ulimi alioukata fundi aliyekitengeneza kiti kwa usahihi ule unaharibika mikononi mwangu kuliniuma sana.

Viti viwili vilivyofuata vilikuwa havijaguswa tangu vitengenezwe. Ndani nilikuta gundi ya rangi ya asali, kavu, inayovunjika kama kioo. Viungo ambavyo bado vilikuwa vimeshika nilivitia maji ya moto kwa sindano, nikasubiri, nikaongeza, nikatikisa taratibu, vikaachia. Hakuna kilichopasuka. Na hapa ndipo gundi ya ngozi inapojipambanua: haikuhitaji nikwangue hadi mbao tupu. Nilitoa vumbi na chembe zilizolegea tu, kwa sababu gundi mpya ikiwa ya moto inaiyeyusha ile kuukuu na zinakuwa kitu kimoja.

Bidhaa yenyewe huja kama punje kavu zenye namba ya nguvu. Namba hiyo ni kipimo cha Bloom, kutoka kwa Mmarekani Oscar Bloom aliyesajili hataza ya kifaa chake mwaka 1925; ni gramu zinazohitajika kukandamiza gundi iliyoganda hadi ibonyee milimita 4. Mimi nilichukua ya 192. Zenye namba kubwa zaidi huganda haraka mno, na kiti kina viungo vingi vya kufungwa kwa mpigo mmoja. Nililoweka punje kwenye maji baridi usiku mmoja, uzani wa punje mmoja kwa maji mawili, asubuhi zikawa zimevimba. Chombo cha gundi nikakiweka ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nunua kipimajoto, usikisie. Gundi inatakiwa iwe kati ya nyuzi 60 na 63 za Selsiasi. Ukiiacha ichemke, nguvu yake inapotea na hairudi. Ukiinua brashi, itiririke kama uzi usiokatika. Ikidondoka matone matone kama maji, ni nyepesi mno. Ikishuka kwa mabonge, ongeza maji ya moto.

Ugumu wake ni muda. Ikishagusa mbao baridi unakuwa na dakika moja, pengine pungufu. Kwenye kiti cha pili nilipaka viungo vinne kabla ya kufunga hata kimoja, na nilipofika cha nne gundi ilikuwa imeshaganda kama jeli. Kwa gundi nyingine ningeanza kukwangua. Hii niliipaka nyingine ya moto juu yake, nikapasha kiungo kwa mashine ya kukaushia nywele, kikaingia hadi mwisho. Tangu hapo napasha mbao kwanza, na kabla ya gundi nafanya zoezi kamili bila gundi: kila klampu, yaani kibanio cha kukazia viungo, imefunguliwa kwa upana wake, vipande vya mbao vya kuzuia alama viko mkononi.

Kusafisha ni raha. Iliyovuja naisubiri iwe kama mpira, naikata kwa patasi, kisha napitisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Gundi nyeupe ikibaki usoni huacha baka jeupe chini ya vanishi, na utaliona siku umeshapaka. Hii ya ngozi haikuniachia baka lolote.

Msiitumie kwenye samani za nje, bafuni, au mahali panapopata maji. Kinachoifanya ifunguke kirahisi ndicho kitakachoifungua bila ruhusa yako. Ina harufu pia, si kali ikiwa mbichi, lakini iliyoloanishwa ikakaa siku kadhaa kwenye joto huoza na kuota ukungu. Iliyobaki weka kwenye friji na uitupe ikibadilika harufu. Punje kavu hukaa miaka. Kuna na ya chupa, iliyotiwa urea isigande, inayokupa muda mrefu zaidi wa kupanga viungo. Nilijaribu moja iliyokaa sana dukani: tone kati ya vidole halikuvuta nyuzi hata kidogo, na kipande nilichounga kwa majaribio kiliachia kwa mkono. Angalia tarehe.

Wanaoniambia ni gundi ya kizamani nawakumbusha kwamba Wamisri wa kale waliunga samani zao kwa gundi ya wanyama, na watengeneza fidla wanaitumia hadi leo, kwa sababu fidla nayo hufunguliwa.

Viti vitatu vimetulia. Havilii, hata kile chenye ulimi wa kuongezewa. Chini ya kila kimoja, ndani ya fremu ya kukalia, nimeandika kwa penseli: gundi ya ngozi, mwezi na mwaka, tumia maji ya moto. Cha nne nacho kina misumari minne, na vichwa vyake vimezama chini ya vanishi. Natafuta bomba jembamba la chuma lenye meno la kukatia mbao kuzunguka msumari bila kuupasua mguu, na hadi nilipate sitakigusa.