Fremu ya Kupimiwa: Mafundi Wasiojulikana wa Kuwapa Kazi, Kuanzia Chaguo la Kwanza Hadi la Mwisho

Kama baiskeli ya dukani inakukaa vizuri, magoti hayaumi na tairi unazotaka zinaingia, huhitaji fremu ya kupimiwa. Hiyo pesa iweke kwenye magurudumu. Mwongozo huu ni wa yule anayekataliwa na kila saizi ya dukani: mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mtu mfupi ambaye ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele akikata kona, mzito anayehisi fremu ikijinyonga kila akikanyaga kwa nguvu, au anayetaka baiskeli moja ibebe mizigo, tairi pana na madigadi bila kulazimisha kitu.

Wengi wakishaamua hukimbilia jina kubwa. Nawaelewa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970, Richard Sachs, Peter Weigle na Ben Serotta walikuwa vijana wa Kimarekani waliokwenda London kujifunza kazi kwenye karakana ya Witcomb, na nje ya karakana ile hakuna aliyewajua. Baadaye foleni ya wateja wa Sachs ikawa ya kuhesabiwa kwa miaka. Vijana wa namna ile wapo hata leo, wanakata mabomba kimyakimya, na foleni zao bado ni fupi. Ninavyoona, hao ndio wa kutafuta.

Wanapatikana wapi

Ile methali ya kizuri chajiuza haiwafai watu hawa. Fundi anayeshinda na tupa mkononi hana muda wa kujitangaza, kwa hiyo ni wewe wa kumfuata.

Maonyesho ya baiskeli za kuundwa kwa mkono ndiyo njia ya haraka. Bespoked ilianzia Bristol, Uingereza, mwaka 2011. MADE ilianza Portland, Marekani, mwaka 2023. Zipite meza zilizojaa watu, nenda za pembeni, na umwombe fundi akuonyeshe fremu ambayo haijapakwa rangi.

Njia ninayoiamini zaidi ni kumuuliza fundi anayepaka fremu rangi. Fremu za mafundi wengi hupitia kwake zikiwa tupu, na yeye huona kila ungio kabla halijafunikwa. Muulize fremu za nani hazihitaji kuzibwa mashimo wala kusuguliwa upya. Jina atakalokutajia mara nyingi hujawahi kulisikia.

Tazama pia baiskeli za safari ndefu. Paris–Brest–Paris ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1891, ni kama kilomita 1200 ndani ya saa 90, na hufanyika kila baada ya miaka minne. Hapo fremu isiyomkaa mtu sawasawa humuumbua kabla ya nusu ya njia, kwa hiyo soma majina yaliyoandikwa kwenye fremu za wanaomaliza.

Japani nako kuna utajiri wa mafundi. Keirin, mbio za uwanjani za kuwekeana dau zilizoanza mwaka 1948, kwa miongo mingi zimetaka fremu za chuma kutoka kwa mafundi walioidhinishwa, zenye muhuri wa NJS, chombo kilichosimamia mbio hizo. Muhuri huo ni ushahidi mzuri wa mkono wa fundi. Ila usinunue fremu yenyewe ya uwanjani ukitegemea kuitumia barabarani: nafasi ya gurudumu la nyuma ni milimita 120, na baiskeli nyingi za kisasa za barabarani zenye breki za diski zinataka 142.

1. Fundi wa chuma anayefanya kazi peke yake

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, kwa sharti moja: awe tayari ameshaunda baiskeli ya aina unayoitaka. Aliyebobea kwenye fremu za mbio si lazima ajue kupanga fremu ya mizigo.

Chuma kinampa fundi mdogo nafasi sawa na mkubwa. Reynolds wa Birmingham, ambao hataza yao ya bomba lenye ncha nene ni ya mwaka 1897, na Columbus wa Italia, walioanza mwaka 1919, wanamuuzia asiyejulikana mabomba yale yale wanayomuuzia maarufu. Bomba la kawaida la aina hiyo huwa na unene wa milimita 0.8 kwenye ncha, ambako moto hupita, na 0.5 katikati, ambako uzito unapunguzwa. Tofauti inabaki kwenye uchaguzi wa bomba na kwenye maungio.

Uchaguzi wa bomba ni mzito kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka kwenye kipenyo cha milimita 28.6 kwenda 31.8, unene wa ukuta ukibaki ule ule, ugumu wa bomba dhidi ya kupinda huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Mwendeshaji wa kilo 60 akipewa bomba la mwenzake wa kilo 100, fremu itamrusharusha kila akikuta shimo. Muulize fundi: bomba gani kwa ajili yangu, na kwa nini? Akijibu bila kukuuliza uzito wako na mzigo utakaobeba, mshukuru uende kwingine.

Maungio yatazame kwa macho yako, au kwa picha zilizopigwa kabla ya rangi. Kwenye fremu ya lagi, yaani vile vifuko vya chuma ambamo ncha za mabomba huingizwa, ukingo wote wa lagi uzungukwe na mstari mwembamba wa fedha ya kulehemu usiokatika. Omba picha ya ndani ya lile bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya pedali: fedha au shaba ionekane imepenya hadi ndani, duara zima. Pengo hapo maana yake ungio limeshika nje tu. Kwenye maungio ya shaba yaliyosuguliwa yakawa laini, angalia bomba lenyewe kandokando ya ungio. Mkwaruzo wa tupa juu ya ukuta usiofika milimita moja ni mwanzo wa ufa. Kwa uchomeleaji wa TIG, ule wa umeme na gesi, mshono uwe na mawimbi yanayolingana, na pembeni yake kusiwe na mfereji uliolika kwenye bomba.

Fundi ambaye pia hukarabati fremu za wengine ana alama za ziada kwangu. Ameona kwa macho yake chuma kinapochoka: chini ya bomba la kichwa, lile fupi la mbele ambamo usukani huzungukia, kwenye mabomba ya nyuma karibu na ekseli ya pedali, na pale ekseli ya gurudumu la nyuma inaposhikwa. Na fremu yako ikigongwa siku moja, chuma kinakubali kubadilishwa bomba moja bila kutupa zima.

2. Karakana ndogo ya titani

Titani haishiki kutu na ina uzito wa gramu 4.5 hivi kwa sentimita ya ujazo, dhidi ya 7.8 za chuma. Naiweka ya pili kwa sababu haisamehe kosa la fundi. Ikichomelewa, gesi ya argoni lazima iizunguke nje na ijae ndani ya mabomba, la sivyo oksijeni huingia kwenye metali ikiwa ya moto na kuifanya iwe rahisi kupasuka. Rangi ya mshono itakuambia: ung'avu wa fedha ni mzuri, unjano hafifu unavumilika, lakini bluu iliyokolea au kijivu cha majivu, ukimbie. Usiichanganye na bluu na zambarau za urembo ambazo huwekwa baadaye kwa umeme. Matengenezo nayo ni magumu, maana wanaoweza kuigusa ni wachache.

3. Fundi mpya

Kuna watu wanaotoka kwenye kozi, kama zile za United Bicycle Institute kule Oregon, wakiwa na mkono safi na hamu kubwa. Wape nafasi, lakini utakayemchagua awe ameshaendesha fremu zake mwenyewe kwa muda, awe na bima ya kazi yake, na foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, isiwe ya kwake. Chukua ya kiwandani iliyojaribiwa kwa ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli. Bomba la nyuma likipasuka mara nyingi hukupa dalili mapema. Foku ikivunjika unakwenda kifudifudi.

4. Mianzi

Ni fremu halisi kabisa. Craig Calfee wa California alizijengea heshima, na Ghana ina waundaji wake, miongoni mwao Ghana Bamboo Bikes Initiative. Mianzi humeza mtikisiko wa barabara mbovu vizuri mno. Maswali ni mawili: ilikaushwa vipi kabla ya kufungwa, na imezibwaje isipitishe unyevu? Jibu la kuzungukazunguka maana yake utaona nyufa.

5. Kaboni na alumini

Kutoka kwa fundi asiyejulikana, hizi naziweka mwisho. Kiputo cha hewa ndani ya matabaka ya kaboni hakionekani kwa macho wala kwenye picha. Alumini ya aina ya 6061 inahitaji tanuri baada ya kuchomelewa ili irudishe nguvu yake, na karakana ndogo zenye tanuri la kutosha fremu nzima ni chache.

Kabla ya kutoa arbuni

Fundi makini atataka kujua urefu wa tandiko lako, umbali kutoka tandiko hadi usukani, majeraha ya zamani, upana wa tairi, na baiskeli uliyonayo inakukera wapi. Kisha atakutumia mchoro kamili, mara nyingi kwa programu ya BikeCAD, wenye pembe na urefu wa kila bomba. Usilipe zaidi ya arbuni kabla hamjaukubali mchoro huo wote wawili. Kama wewe ni mfupi, angalia hapo nafasi kati ya kiatu na gurudumu la mbele. Ikibana, mwambie ahamie kwenye magurudumu ya 650B, ambayo ni madogo kuliko ya kawaida ya barabarani, badala ya kunyoosha fremu ikuweke mbali na usukani. Sisitiza nyuzi za skrubu za kiwango cha kawaida, BSA au T47, kwenye bomba la ekseli ya pedali, ili vipuri usivitafute kwa tochi miaka ijayo.

Makubaliano yaandikwe: tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kumaliza, dhamana ya miaka mingapi, arbuni inarudishwaje fundi akiugua au akifunga karakana.

Fremu ikifika, usikimbilie kuifunga vipuri. Weka gurudumu la nyuma ulilo na uhakika limenyooka, uone kama linakaa katikati ya mabomba yote mawili. Ingiza nguzo ya tandiko. Iteremke bila kukwama. Kama ni chuma, pulizia mafuta ya kuzuia kutu ndani ya kila bomba kupitia vile vitundu vya hewa, igeuzegeuze mafuta yaenee kote, iache usiku kucha yanayozidi yachuruzike, ndipo ufunge ekseli ya pedali.