Kozi ya likizo ya masoko ya fedha, Malindi: apelekwe mtoto, ila siku ya nne irekebishwe

Hii ni kozi ya siku tano kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Ada ni shilingi 2,500 pamoja na chakula cha mchana, na kwa mafunzo ya siku tatu za mwanzo peke yake pesa hiyo ni halali ya waandaaji.

Siku ya kwanza mwalimu anachora ubaoni mashua ya wavuvi wa Mayungu, ufuo wa hapa Malindi. Samaki wauzwe, mafuta na barafu vitolewe, kinachobaki kigawanywe mafungu baina ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia. Hilo mtoto wa pwani analijua tangu hajaanza shule, kwa hivyo hisa anaielewa papo hapo: ni fungu la chombo, na bahari ikichafuka hakuna mgao. Aliyekopesha pesa za mashine naye anadai chake hata nyavu zikirudi tupu. Ndiyo hati ya deni hiyo.

Siku ya pili ni hesabu, kwa bei halisi za Soko la Hisa la Nairobi, linalofanya biashara saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Zoezi lao bora ni hili. Nunua hisa 100 kwa shilingi 20, ongeza gharama za dalali za asilimia 2.1: umetoa 2,042. Bei ikipanda hadi 20.80 uuze. Ni 2,080, toa tena asilimia 2.1, mkononi unabaki na 2,036. Bei imepanda na bado umepoteza karibu shilingi 6. Kijana akiifanya hesabu hiyo kwa kalamu yake mwenyewe, hashawishiki tena kununua na kuuza kila siku. Kijitabu chao lakini kimepitwa: kinasema ni lazima kununua hisa 100 kwenda juu, na sharti hilo liliondolewa Agosti 2025. Siku hizi hata hisa moja inanunulika. Pia hakitaji kwamba aliye chini ya miaka 18 hufunguliwa akaunti ya CDS, yaani ya kuhifadhia hisa kielektroniki, na mzazi au mlezi wake.

Siku ya tatu ni ya riba, na hapa wanastahili pongezi kwa kutolikwepa swali ambalo mzazi Mwislamu wa Malindi atauliza: je, uwekezaji huu ni halali katika dini? Wanasema wazi: hati za deni za serikali za siku 91, 182 na 364 zina riba, na hisa za benki za kawaida na za kampuni za pombe nazo zina matatizo yake. Kisha wanaingia kwenye sukuk (hati ya uwekezaji ya Kiislamu, isiyo na riba) ya Linzi ya 2023, ya shilingi bilioni 3 za ujenzi wa nyumba. Kilichokosekana ni mtu wa fiqhi ya miamala, yaani sheria ya Kiislamu ya biashara. Mwalimu wa uhasibu hawezi kutoa hukumu, na watoto walikuwa na maswali.

Siku ya nne imeharibika. Asubuhi nzima ni biashara ya sarafu za kigeni (forex) kwenye simu, kwa mkopo wa mara 100 ya mtaji. Maana yake, ukiweka 5,000 unashika biashara ya 500,000, na bei ikienda kinyume nawe kwa asilimia moja tu, 5,000 yote imekwenda. Halikusemwa hilo. Wala hawakuonyeshwa namna ya kutafuta jina la kampuni katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, jambo la dakika mbili ambalo lingewaepusha na matapeli wa WhatsApp.

Ya mwisho ni kazi: uhasibu, uchambuzi wa uwekezaji, hesabu za bima, na mitihani ya CPA (ya uhasibu) na CIFA (ya uchambuzi wa uwekezaji) chini ya bodi ya mitihani ya KASNEB. Inapita haraka mno, ingawa angalau wanasisitiza kwamba anayeitupa hisabati kidato cha tatu amejifungia mingi ya milango hiyo.

Mtoto aende na kikokotoo chake. Darasani kimoja kinashikwa na watu wanne.