Kadude ka kubana kidoleni ka kupima mapigo ya moyo (oksimita), nimekatumia miezi miwili baada ya kuunguzwa moyo

Nianze na bei, elfu 35, nimenunua Makoroboi hapa Mwanza kwenye duka la vifaa tiba. Dada wa dukani alianzia 50 nikamwambia mi mgonjwa siyo mtalii, akacheka akashusha.

Mi shida yangu ilikua moyo kukimbia ghafla. Umekaa unachambua dagaa mara paap unaenda 190 kwa dakika, robo saa nzima, afu unaacha ghafla kama umezima swichi. Nikapelekwa Dar wakapitisha mirija kwenye mshipa wa kinena mpaka moyoni, wakatafuta kale kanjia ka umeme kanakozunguka hovyo wakakaunguza, kifua hakijaguswa. Kuunguzwa kwenyewe sikukuona kugumu, kazi ilikua kulala chali masaa sita bila kukunja mguu. Wiki nzima marufuku kubeba ndoo, na sisi wa mawe ya Mabatini mnatujua, ngazi sitini na kitu mpaka mlangoni. Kinenani nikabaki na alama ya bluu imeshuka hadi pajani, waliniambia itaisha yenyewe, ila ukiona uvimbe unakua au damu inatoka lala ubonyeze kwa nguvu na watu wakuwahishe hospitali.

Sasa kadude. Wiki za mwanzo moyo ulikua unaruka, unatulia kidogo afu unagonga ngo! Daktari alishanitahadharisha kwamba itatokea, lakini usiku ukiwa peke yako na mawazo yako hayo maneno huyakumbuki, ndo maana nikanunua. Siku tano za kwanza nilipima kila baada ya dakika kumi, 78, 81, 76, mume wangu akaanza kuniita mhasibu.

Afu usiku mmoja kakaandika 38. Jamani! Saa nane usiku tukashuka zile ngazi, bajaji, hospitali. Nesi akanifunga waya za ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, macho yake kwenye karatasi, vidole vyake kwenye mkono wangu, anahesabu kimya kimya. Akasema mama moyo unapiga sabini na kitu, ila kuna mapigo yanawahi kabla ya wakati, yanakua dhaifu hayafiki kidoleni, kwahiyo hako kanahesabu nusu tu. Yani kanahesabu kinachofika kwenye kidole, mpangilio wa mapigo hakaujui kabisa. Hilo dukani hakuna aliyeniambia na kwenye boksi halijaandikwa.

Kingine, nilienda harusi nikapakwa piko kwenye kucha, kurudi nyumbani kananionyesha vistari tu. Nikahamia kidole ambacho hakijapakwa kakasoma. Mikono ikiwa ya baridi nako kanasumbua, sugua kwanza.

Nakapa nyota 3 kati ya 5. Kwa ule moyo wa kukimbia kananifaa kweli maana nikihisi kitu nabana, naona 84, naendelea na ugali wangu. Ila kama moyo wako unapiga bila mpangilio hiyo namba usiitegemee, kapige ECG. Betri ni zile ndogo mbili za rimoti, mfuniko wake umevunjika mwezi wa kwanza tu, nimefunga na mpira wa kufungia hela.

Siku hizi kanakaa droo ya vijiko na anayekatumia sana ni mama mkwe, hanywi chai ya asubuhi kabla hajajipima, na majirani wawili ameshawaleta.