Kijiji kidogo cha mapambo ya Krismasi sebuleni: vijumba vya katoni au vya udongo?

Kwa gharama, katoni inashinda bila jasho: maboksi ya dukani, wembe, rula na gundi nyeupe vinatosha, na nyumba ya kimo cha sentimita 12 hukamilika jioni moja. Kabla ya kukunja, kwaruza mstari kwa kalamu iliyokwisha wino, la sivyo kona hupasuka na paa halikai. Kisumu, unyevu wa ziwa hulegeza kuta, kwa hiyo paka rangi ndani na nje. Ukipaka upande mmoja tu, ukuta hupinda.

Udongo wa mfinyanzi unataka subira. Changanya sehemu 4 za udongo na 1 ya mchanga laini, kuta ziwe na unene wa sentimita 1, kisha anika kivulini wiki nzima. Zikianikwa kwenye jua kali la Nakuru, nyufa huanzia pembe za madirisha. Na udongo usiochomwa ukiloa hurudi kuwa tope.

Taa ni za LED za betri kwa zote mbili. Mshumaa ndani ya katoni ni kutafuta moto.

Unaishi nyumba ya kupanga na unahamahama? Katoni. Una kabati la vioo na watoto wameshakua? Udongo.