Kliniki ya ufuatiliaji baada ya saratani ya thairoidi: shingo inaangaliwa vizuri, moyo nusu nusu

Kliniki ninayoitathmini huwahudumia watu waliokwisha kutibiwa saratani ya tezi ya thairoidi, nami ni mgonjwa wake tangu nilipoondolewa tezi yote na kupewa iodini ya mionzi. Katika kufuatilia saratani yenyewe sina la kulalamika: thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za thairoidi, hupimwa kwenye damu, shingo huangaliwa kwa ultrasaundi, na majibu huelezwa bila haraka.

Hata hivyo, wengi wetu tuliougua aina za kawaida za saratani hii huishi miaka mingi baada ya matibabu, kwa hiyo afya ya moyo si suala la pembeni. Pale hatari ya saratani kurudi inapokuwa kubwa, dozi ya levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, hupandishwa makusudi ili TSH, homoni ya ubongoni inayoichochea thairoidi, ishuke chini ya 0.1, kwa kuwa TSH huweza kuchochea seli za saratani zilizosalia. Gharama yake hulipwa na moyo, ambao huenda kasi, misuli yake huweza kunenepa, na hasa kwa wenye umri mkubwa mapigo huweza kupoteza mpangilio, hali inayoweza kusababisha damu kuganda na hatimaye kiharusi. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, uliwafuatilia watu wa kawaida wenye miaka 60 na zaidi, ukaonyesha kwamba wale wenye TSH ya 0.1 au chini yake walikuwa na hatari ya takriban mara tatu ya kupata tatizo hilo la mapigo ndani ya miaka 10, wakilinganishwa na wenye TSH ya kawaida.

Katika hili kliniki inastahili sifa. Muuguzi hushika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, akisikiliza kama yanarukaruka, na akitilia shaka humpeleka mgonjwa kwenye kipimo cha umeme wa moyo siku hiyohiyo. Daktari huandika kwenye kadi kiwango cha TSH anachokilenga. Ilipobainika kuwa sina dalili yoyote ya saratani, alinipunguzia dozi ili TSH ipande hadi kati ya 0.5 na 2, akaagiza damu ipimwe tena baada ya wiki sita. Ninalisisitiza hili kwa sababu dozi kubwa ya miaka ya mwanzo haifai kuendelezwa kwa mazoea tu.

Kolesteroli na sukari, kwa bahati mbaya, hazimo katika ratiba yao. Nilipouliza, nilielekezwa kwa daktari wa kawaida, na barua niliyopewa haikutaja hata TSH yangu, ingawa homoni ya thairoidi ikipungua kolesteroli mbaya hupanda, na daktari asiyejua hilo anaweza kutibu kolesteroli huku dozi ndiyo yenye kasoro. Karatasi ya maelekezo nayo inasema dawa imezwe tumbo likiwa tupu, lakini haisemi kwamba vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma vipishane nayo kwa muda wa saa nne, ilhali wengi wetu hutumia kalsiamu baada ya upasuaji.

Ninaipendekeza kliniki hii kwa anayetaka saratani yake ifuatiliwe kwa makini. Atakayekwenda aombe nakala ya majibu ya TSH kila mara, aipeleke kwa daktari anayempima shinikizo la damu, sukari na kolesteroli, na asisubiri kuulizwa iwapo moyo wake hudunda ovyo usiku.