PowerCLI imeniponya na kelele za alamu

Jamani hii PowerCLI ya VMware, zana ya kusimamia mitambo yao kwa kuandika amri, ni ya bure alafu ni mkombozi, nyie mnaobofya alamu moja moja kwenye vCenter (programu ya kusimamia seva za VMware) mtazeeka bure. Alamu ya CPU za VM (mashine pepe) inakuja imesetiwa njano matumizi yakipita 75%, nyekundu yakipita 90%, kwa dakika 5, sasa usiku bakapu zikianza tu simu haipumziki. Nikaandika kaskripti ka mistari kama kumi hivi, naita Get-AlarmDefinition (amri ya kuzileta alamu), naseti viwango upya, kwisha kazi. Ila namba zinaandikwa kwa sehemu za mia za asilimia, 85% ni 8500, mi nikaweka 85 kavu, yaani 0.85%, asubuhi nakuta meseji mpaka chaji imeisha 😂 ujinga wangu huo. Viwango vya zamani vitunze kwenye faili kwanza.