Darasa la WhatsApp la makaburi ya Warumi: nimelipa Sh 15,000 na nasema lina thamani

Naosha maiti wa kike hapa Ngamiani, Tanga, tangu mwaka 1999. Kazi hii nilirithishwa na marehemu shangazi yangu, na kwa miaka yote hiyo imekuwa ikiishia kizingitini. Nikishamwosha mtu, nikamtia pamba na kafuri, nikamfunga sanda yake, wanaume huingia na jeneza, wakabeba, wakaenda. Sisi tunabaki ndani na vilio na moshi wa ubani. Ya kaburini nayasikia kwa kusimuliwa tu. Basi mjukuu wangu aliponisomea tangazo la darasa la namna wanaakiolojia wanavyofukua makaburi ya Warumi wa kale, nilimtuma mwalimu pesa usiku uleule.

Wengi wameniuliza kama ni darasa la kweli au la kula pesa za watu. Ni la kweli. Nitayasema mazuri yake, na lile lililoniudhi nitalisema pia.

Linakwenda wiki nne, Jumatatu na Alhamisi baada ya Isha. Mwalimu ni kijana wa hapahapa Tanga, anasomesha historia sekondari. Anatuma sauti za dakika kumi kumi na picha, kisha anapokea maswali mpaka saa nne usiku. Tulikuwa watu 31. Mwisho kuna safari ya Tongoni, hiyo inalipiwa kando Sh 10,000, nauli na chakula humo humo. Kiswahili chake safi, hakimbilii Kiingereza, na neno la Kilatini akilitaja hulifafanua papo hapo. Sauti hazili bando sana. Picha ndizo zinazokula.

Somo la kwanza lilikuwa la sheria, nami nililisikiliza huku napeta mchele. Warumi walikuwa na Sheria za Meza Kumi na Mbili, za karne ya 5 kabla ya Kristo, zilizokataza mtu kuzikwa wala kuchomwa ndani ya mji. Kwa hiyo makaburi yao yalijipanga kandokando ya barabara zitokazo mjini, kama ile ya Via Appia, na msafiri aliwapita wafu kabla ya kuwafikia wazima. Kwa muda mrefu waliwachoma maiti na kuweka majivu kwenye vyungu; kuanzia karne ya 2 baada ya Kristo kuzika mwili mzima kukaanza kushika nafasi. Hilo linatosha.

Somo la pili ndilo lililonikalisha kitako. Alieleza mtu wao akifa, ndugu walimwita kwa jina lake. Halafu wakamwosha kwa maji ya moto, wakampaka mafuta, wakamvika nguo zake bora na kumlaza sebuleni miguu ikielekea mlangoni. Niliirudia sauti ile mara tatu. Maji ya moto! Nami maji yangu huyapasha yakawa vuguvugu, shangazi alinifundisha niyapime kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Nikaandika kwenye kundi: je, wakosha wao walikuwa nani? Mwalimu akajibu kesho yake, na alikuwa amejitayarisha hasa. Palikuwa na watu maalumu wa kuwatengeneza maiti, wengi wao watumwa. Katika mji wa Puteoli, karibu na Naples, limepatikana jiwe lenye kanuni za kazi ya mazishi. Kanuni zinasema wafanyakazi wasipungue 32, umri wao usiwe chini ya miaka 20 wala kupita 50, asiwepo kilema wala chongo wala mwenye vidonda. Wakae nje ya mji. Wakiingia mjini kikazi wavae kofia ya rangi ili wajulikane, na wasioge kwenye mabafu mpaka usiku uingie.

Iliniuma, sifichi. Mimi nina miaka 58. Mtu aliyemfumba macho mama yako, akamchana nywele, akamsuka mikia mitatu, umwambie asioge na wenzake? Kwetu nikitoka kwenye ufuo, pale tunapooshea maiti, nawekewa maji ya kuoga na sabuni mpya kabla hata wafiwa hawajala. Mwalimu aliniuliza kwa heshima, "Bibi, unaonaje, walikuwa wanawaogopa au wanawadharau?" Nikamwambia, mwanangu, mara nyingi ni vyote viwili, na hata hapa mjini wapo wanaokataa kunipa mkono siku ile. Mjadala ulikwenda mpaka saa tano. Kama darasa zima lingekuwa jioni ile moja tu, pesa yangu ingekuwa imerudi.

Wiki ya pili ikawa ya kufukua. Hapa anawashinda wengi, maana anaeleza kazi yenyewe na mikono inavyokwenda. Kwanza hawaoni kaburi, wanaona rangi. Udongo ukishachimbwa na kurudishwa hauwi tena kama ulivyokuwa, hata ipite miaka elfu moja na zaidi. Wakikwangua juu taratibu, umbo la shimo linajitokeza kama doa la maji kwenye kanga. Ndipo wanashuka kwa mwiko mdogo wa fundi mwashi, kisha brashi, na wakifika kwenye mifupa wanatumia vijiti vya mti au mwanzi kwa sababu chuma kinakwaruza. Kila hatua inapigwa picha na kuchorwa kabla kitu hakijainuliwa. Udongo wa usawa wa tumbo unachukuliwa kando, kwa kuwa mayai ya minyoo ya marehemu huweza kuwa yamo bado. Mifupa ya mikono, 27 kila mkono, inatiwa kwenye mfuko wake, wa kulia mbali, wa kushoto mbali. Hilo la mikono kulia na kushoto lilinigusa. Mimi nami naanza kulia.

Kuna kaburi moja la Uingereza alilotuonyesha, miguuni pamejaa misumari midogo ya chuma tu, imejipanga kama nyayo. Ngozi ya viatu imeoza, misumari ya soli imebaki. Mtu alizikwa na viatu, tayari kwa safari. Vilevile alisema Mrumi alitiwa sarafu mdomoni ya kumlipa mvushaji wa mto wa kuzimu. Wiki iliyofuata akarudi kujisahihisha bila kuulizwa na mtu: makaburi mengi hayana sarafu yoyote, na nyingine zinakutwa mkononi au kando ya mwili. Nampa heko kwa hilo. Walimu wanaojirudi si wengi.

Sasa jasi, ule unga mweupe wa mawe unaochanganywa na maji ukaganda. Ukijiunga, usikose Alhamisi ya jasi hata kama una harusi. Mji wa York wa Uingereza, ambao Warumi waliuita Eboracum, una majeneza ya jiwe ambamo maiti alifunikwa kwa jasi ya majimaji juu ya nguo zake. Jasi ikakauka, mwili ukaisha, ikabaki nafasi tupu yenye alama za kila uzi. Unaona mfumo wa kitambaa, unaona palipofungwa, unaona mkunjo uliopita juu ya uso. Nilikuza picha kwa vidole mpaka simu ikapata moto. Nimekata bafta kwa miaka yote hii, nguo tano kwa mwanamke, na sijawahi kufikiri kwamba sanda inaweza kusimulia baada ya mwenyewe kuondoka. Halafu akatuma picha nyingine: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha York walitangaza kwamba katika jasi ya jeneza moja, lililopatikana miaka ya 1870 wakati wa ujenzi wa stesheni ya reli, wameona alama za vidole. Mtu aliisambaza jasi ile kwa mkono wake, akailainisha pembeni mwa mwili. Nilinyamaza kimya. Mjukuu akaniuliza, bibi unalia nini? Nililia kwa sababu huyo ni mwenzangu. Hakuna jina lake popote, wala ya kwetu hayaandikwi, lakini kiganja chake kipo.

Wanawake wa kundini walipenda zaidi yule bibi wa bangili, naye wa York, aliyepatikana mwaka 1901: mikononi bangili za pembe za ndovu na za jiwe jeusi, shanga za kioo cha buluu, kioo cha kujitazamia, na kibamba cha mfupa chenye maneno ya kumsalimu dada na kumwombea aishi kwa Mungu. Utafiti wa mifupa yake uliochapishwa 2010 ulionyesha huenda asili yake ni Afrika ya Kaskazini. Kundi liliwaka moto, kila mtu anasema wa kwetu huyo. Mimi niliwaza bangili. Nawavua wote, zikikaza napaka povu la sabuni, nahesabu mbele ya ndugu wawili na kukabidhi. Yule aliachiwa zake. Aliyemwosha alijua kila moja ilikaa wapi.

Haya, lililoniudhi. Jumatatu ya wiki ya tatu, kabla hata sauti haijaja, iliingia picha ya kaburi la Driffield Terrace, York hiyohiyo, lililofukuliwa 2004 na 2005, ambako wengi wa waliozikwa ni wanaume waliokatwa vichwa. Mifupa wazi, kichwa mahali pasipo pake, bila neno la kutangulia. Simu alikuwa nayo mtoto wa miaka saba. Sisemi picha zisiletwe, nimelipa kuona. Nasema maiti ana sitara yake, awe wa jana au wa dola ya Rumi. Mimi nikimwosha mtu shuka haliondoki juu yake, mkono unapita chini ya shuka, na nililoliona mwilini mwake nakufa nalo. Yule kijana wa Kirumi ameshakatwa kichwa mara moja. Kumtupa kwenye simu za watu 31 asubuhi ya saa moja, kati ya picha za maandazi na za kheri ya kuzaliwa, si sawa. Nilimpigia mwalimu, sikuandika hadharani. Alipokea vizuri, na tangu hapo picha za mifupa zilitanguliwa na onyo na maelezo ya kwamba huyu ni binadamu, amepatikana wapi, anatunzwa wapi. Lakini ilibidi aambiwe, kwa hiyo nyota moja naiondoa hapo.

Jingine dogo: sauti za Alhamisi ya Isola Sacra zilikuwa na kelele za bodaboda. Ni hasara, maana somo lilikuwa tamu. Hayo ni makaburi ya karibu na bandari ya Roma, yamejengwa kama vijumba vyenye milango, na mengine yana michoro ya kazi za wenyewe. Mkunga Scribonia Attica amechongwa ameketi mbele ya mama anayejifungua, na mumewe tabibu amechongwa naye. Maskini wao walizikwa na mitungi ya udongo, shingo ya mtungi ikitokeza juu ya ardhi ili ndugu wamimine kinywaji kimfikie marehemu.

Wenye vyama vya kufa na kuzikana, hasa wahazini, somo la Lanuvium, mji wa Warumi, ni lenu. Mwaka 136 baada ya Kristo mji huo ulikuwa na chama chenye kanuni zilizochongwa kwenye jiwe: kiingilio sesta 100, yaani sarafu za Kirumi, na mtungi wa mvinyo mzuri, kila mwezi sarafu ndogo tano, mwanachama akifa zinatoka sesta 300, na 50 kati yake zinagawanywa pale kwenye kuni za kuchomea. Akifia mbali, zaidi ya maili 20, wanachaguliwa watu watatu waende kumshughulikia. Niliisoma kwenye kikao chetu cha mtaa, tukakaa kimya, kwa kuwa chama chetu hakina kifungu cha aliyefia mbali. Tumekiweka sasa.

Safari ya Tongoni ilikuwa Jumamosi. Ni njia ya Pangani, haifiki kilomita 20. Tulifika saa tatu, jua halijawa kali. Makaburi ya mawe ya matumbawe yanapita 40, na mnara mmoja bado umesimama, wenye mahali palipokuwa pamepachikwa vyombo vya kigeni. Mwalimu alieleza vyema tofauti: wafu wa Kirumi unaweza kuwakuta wamelala upande wowote, mpaka nyakati za Ukristo ndipo wengi walipolazwa kichwa magharibi; hapa kila mmoja ameelekezwa kibla, hata ukiwa huna dira unajua kaskazini iko wapi. Wanaume walitangulia na simu zao. Mimi nilisimama nikatoa salamu ya watu wa makaburini, kisha nikakaa chini kando ya kaburi dogo, la mtoto kwa urefu wake, nikapima kwa shubiri kama ninavyopima sanda. Shubiri tano.

Mwalimu akaja akachuchumaa. Nikamwuliza, wa hapa nani aliwaosha? Akasema, "Bibi, kwenye vitabu vyangu hilo sijalikuta." Nikamwambia basi aandike, kwa sababu maji yaliyomwagika hapa yalibebwa kichwani na wanawake kutoka kisimani, na kuna mmoja wao alijua ukubwa wa huyu mtoto kabla ya fundi wa mawe. Akatoa daftari akaandika, mbele yangu, na akaniomba nije kutoa sauti moja kwenye darasa lijalo kuhusu kuosha. Nimekubali, kwa sharti kwamba jina la maiti yeyote halitajwi.

Nyota nne kati ya tano. Kwa safari ya Tongoni vaeni viatu vya kufunika, ardhi ina miiba, na beba maji yako kwa sababu waliyotugawia yaliisha kabla ya adhuhuri. Darasa lijalo linaanza baada ya Idi. Simu yako ikiwa ndogo, mwombe mwalimu picha ya jasi akutumie kama faili, isipunguzwe ubora, vidole vile havionekani vinginevyo.